Chanjo ya Mbwa ni Deni la Nani?

Katika orodha ndefu ya magonjwa yanayohama kutoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu, kichaa cha mbwa kina sifa mbili ambazo ni nadra kukutana katika ugonjwa mmoja: dalili zake zikishajitokeza, kifo huwa karibu hakika, na hali hiyo ipo ingawa chanjo ya kukizuia imekuwapo tangu karne ya 19. Louis Pasteur na wenzake walikwisha kuonyesha mwaka 1884 kwamba mbwa anaweza kukingwa, na tarehe 6 Julai 1885 wakaanza kumchoma sindano mtoto Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa huko Alsace, naye akanusurika. Baada ya miaka 140, makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani yanasema watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote barani Asia na Afrika, na katika vifo 99 kati ya kila 100 chanzo huwa mbwa. Kwa Tanzania makadirio yanayorejewa mara nyingi ni vifo 1,500 hivi kwa mwaka, na kwa Kenya 2,000 hivi. Idadi hizo ni za kukadiria kwa sababu iliyo wazi, nayo ni kwamba wagonjwa wengi hufia nyumbani, na wanaofikishwa hospitali mara nyingine huandikiwa malaria ya kichwani au maradhi mengine ya ubongo.

Kwa kuwa ufanisi wa chanjo haubishaniwi tena na mtu makini, mjadala unaobaki ni wa mfuko. Je, chanjo ya mbwa ni gharama ya mfugaji binafsi, kama zilivyo dawa ya kupe na chakula cha mnyama wake, au ni huduma ya afya ya umma inayopaswa kulipiwa na hazina kama zinavyolipiwa chanjo za surua na polio za watoto? Jibu linalotetewa katika makala haya ni hilo la pili, na linatetewa kwa hoja za kibiolojia na za kihasibu kabla ya kuitwa hoja za huruma.

Kinachosababisha ugonjwa huu ni virusi vya kundi la lisavirusi, ambavyo huingia mwilini pamoja na mate ya mnyama mgonjwa kupitia jeraha la meno, mchubuko, au utando laini wa macho na mdomo. Tofauti na virusi vingi, hivi havitegemei damu katika safari yake. Hujipenyeza kwenye mishipa ya fahamu iliyo karibu na jeraha na kupanda polepole hadi kwenye ubongo, kisha hushuka tena kwa njia ya mishipa hadi kwenye tezi za mate, tayari kwa mng'ato mwingine. Safari hiyo ndiyo inayoeleza kipindi cha uatamizi, yaani muda kati ya kuambukizwa na kuugua, ambao kwa binadamu kwa kawaida huwa mwezi mmoja hadi mitatu, ingawa unaweza kushuka chini ya wiki moja au kuzidi mwaka kutegemea wingi wa virusi na umbali wa jeraha kutoka kichwani. Ndiyo inayoeleza pia kwa nini mtoto aliyeng'atwa usoni yuko hatarini zaidi kuliko mtu mzima aliyeng'atwa kifundoni, na kwa nini kuosha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, jambo ambalo kaya nyingi hulipuuza na kukimbilia kupaka mafuta ya taa au majani, hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Kwa mbwa mwenyewe ugonjwa huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni ile inayojulikana na kila mtu, ambapo mnyama hukimbia ovyo na kung'ata kila kilicho mbele yake; ya pili ni ya kupooza, ambapo taya hulegea, mate hutiririka na mnyama hujificha gizani. Hii ya pili ndiyo inayowaponza wenye mbwa, kwa maana hudhani kwamba mfupa umemkwama kooni na wakatia mkono kinywani kumsaidia.

Mtu aliyeng'atwa anaweza kuokolewa ikiwa ataanza tiba ya kinga kabla virusi havijaufikia ubongo. Tiba hiyo ni mfululizo wa sindano za chanjo kwa siku zilizopangwa katika muda wa wiki chache na, kwa majeraha makubwa, seramu yenye kingamwili zilizokwisha tengenezwa ambazo huingizwa ndani ya jeraha lenyewe. Kwenye karatasi mpango huo hauna kasoro. Katika maisha ya mkulima wa kijiji kilicho mbali na hospitali ya wilaya una kasoro nyingi: chanjo ya binadamu haipatikani katika kila zahanati, seramu ni adimu zaidi, nauli ya kwenda na kurudi hulipwa upya kwa kila dozi, siku za kazi hupotea, na familia yenye watoto watatu waliong'atwa na mbwa mmoja hulazimika kuuza mbuzi, au hata ng'ombe, kabla ya sindano ya kwanza. Wengine huchoma dozi mbili na kukoma, wakiamini kwamba jeraha limepona na hatari imekwisha. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wanne kati ya kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15, yaani watu wasioweza kujisafirisha wala kujilipia, na ambao mara nyingi huficha jeraha kwa kuogopa kukaripiwa kwa kumchokoza mbwa.

Utafiti mpana wa gharama za ugonjwa huu duniani, uliochapishwa mwaka 2015, ulikadiria hasara ya dola za Marekani bilioni 8.6 kwa mwaka. Zaidi ya nusu ya hasara hiyo ilitokana na vifo vya mapema. Asilimia 20 ilikuwa gharama ya tiba ya kinga kwa waliong'atwa. Asilimia 15 na nusu ilikuwa mapato yaliyopotea wakati watu wakiifuata tiba hiyo. Asilimia 6 ilikuwa mifugo iliyokufa. Chanjo ya mbwa, ambayo ndiyo pekee kati ya gharama zote hizo inayoukata ugonjwa kwenye shina lake, ilichukua asilimia 1 na nusu tu. Mgawanyo huo hauelezeki kwa umaskini, kwa sababu kiasi kinacholipwa baada ya mbwa kung'ata ni kikubwa mara nyingi kuliko kile ambacho kingelipwa kabla. Unaelezeka kwa jambo jingine, ambalo ni kutengana kwa anayelipa na anayenufaika.

Mfugaji anayempeleka mbwa wake kuchanjwa hupata faida ndogo sana ikilinganishwa na faida anayoitoa kwa wengine. Mbwa wa kijijini, ambaye mwenyewe hakumnunua bali alimpata kwa jirani, na ambaye akifa atapata mwingine kwa njia ile ile, si mali ambayo mtu mwenye shida atatoa fedha kuilinda. Lakini mbwa huyo huyo akiugua, hatamng'ata bwana wake peke yake, bali atapita vijiji vitatu usiku mmoja akiwaachia maradhi mbwa wengine, punda, ng'ombe na wanafunzi wanaokwenda shule alfajiri. Wachumi huziita faida za namna hii faida za nje, kwa maana kwamba zinawaangukia watu walio nje ya mapatano kati ya mnunuzi na muuzaji, na wanakubaliana kwamba bidhaa ya aina hiyo ikiachiwa soko hununuliwa pungufu. Jiji la N'Djamena nchini Chad limeonyesha ukubwa wa upungufu huo: wamiliki walipotozwa ada, chanjo iliwafikia robo hivi ya mbwa, na ilipotolewa bure iliwafikia zaidi ya theluthi mbili. Hata ada inayoonekana ndogo mezani mwa ofisi si ndogo kwa kaya yenye mbwa wanne wa kulinda shamba, na kwa kawaida kaya hiyo humpeleka mmoja, yule anayependwa, na kuwaacha watatu nyumbani.

Kwa nini asilimia ya mbwa waliochanjwa ina uzito mkubwa namna hii? Ufafanuzi wake unastahili nafasi, kwa sababu ndipo mipango mingi inapokosewa. Uchunguzi wa miaka mingi katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, ambako watafiti walifuatilia mng'ato mmoja mmoja kutoka mbwa hadi mbwa, ulionyesha kwamba mbwa mmoja mgonjwa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na kitu, kiwango cha takriban 1.2, ilhali mgonjwa mmoja wa surua katika jamii isiyo na kinga anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Kwa hiyo kichaa cha mbwa ni adui dhaifu. Kihesabu, kuwakinga mbwa wapatao theluthi moja kungetosha kuukata mnyororo wake katika mazingira mengi. Hata hivyo wataalamu hupendekeza asilimia 70, na sababu yake iko katika maisha mafupi ya mbwa. Utafiti uliofanywa wilayani Machakos nchini Kenya, eneo ambalo limesumbuliwa na ugonjwa huu kwa miongo mingi, ulikuta kwamba mbwa karibu wote walikuwa na wenyewe, ingawa wengi hawakufungwa kamwe, na kwamba wastani wa umri wao wa kuishi haukufika miaka minne. Kundi la namna hiyo hujibadilisha upesi: waliochanjwa mwezi Januari hufa mmoja baada ya mwingine, vitoto visivyo na kinga huzaliwa, na kinga ya kundi zima hupungua kila mwezi bila mtu yeyote kufanya kosa. Asilimia 70 ya siku ya kampeni imewekwa ili miezi 12 baadaye, kabla ya kampeni inayofuata, kiwango kisishuke chini ya mstari wa hatari.

Kutokana na hesabu hiyo, kampeni ya mwaka mmoja ikifuatwa na kimya cha miaka mitatu ni fedha zilizotupwa kwa kiasi kikubwa. Katika wilaya ya Serengeti, ambako kampeni zilifanywa mfululizo kuanzia mwaka 1996 na kuwafikia zaidi ya asilimia 60 ya mbwa, visa vya ugonjwa kwa mbwa vilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na kwa asilimia 97 baada ya ya pili, na idadi ya watu waliohitaji tiba baada ya kung'atwa na mbwa walioshukiwa ikashuka pamoja navyo. Mfululizo ndio uliotoa matokeo hayo, wala si hamasa ya siku moja. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, inayoadhimishwa kila Septemba 28, tarehe aliyofariki Pasteur mwaka 1895, ina manufaa yake ya kuelimisha, lakini halmashauri inayochanja mbwa siku hiyo tu, kwenye makao makuu ya wilaya, mbele ya mgeni rasmi, huwafikia mbwa wa watumishi na wafanyabiashara wa mji huku ugonjwa ukiendelea kuzunguka katika kata za pembezoni.

Kosa jingine la kawaida ni kuwarudisha watoto wa mbwa. Mara nyingi watoto wa kijiji hufika kituoni wamebeba vitoto mikononi, na mchanjaji, kwa kufuata maandishi ya kwenye kichupa yanayotaja umri wa miezi mitatu, huwaambia warudi mwakani. Maandishi hayo yana msingi wake, kwa kuwa kingamwili ambazo kitoto hurithi kutoka kwa mama yake zinaweza kuipunguza nguvu chanjo. Lakini mama ambaye hakuchanjwa hana kingamwili za kumrithisha mwanawe, na utafiti umeonyesha kwamba vitoto vya chini ya miezi mitatu huweza kujenga kinga dhidi ya kichaa cha mbwa kwa chanjo ya kawaida iliyouliwa virusi vyake. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba katika kampeni za umma mbwa wote wachanjwe bila kujali umri. Katika kundi ambalo sehemu kubwa ni wanyama wa chini ya mwaka mmoja, kuwarudisha vitoto ni kuisalimisha asilimia 70 kabla ya kuifikia.

Lipo pendekezo linalojirudia kila mara mtoto anapokufa kwa ugonjwa huu, nalo ni kuwapiga risasi au kuwalisha sumu mbwa wanaozurura. Hasira inayolizaa pendekezo hilo inaeleweka, na sheria za nchi zote mbili, ikiwamo ile mahsusi ya kichaa cha mbwa ya Kenya, Sura ya 365, na Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya Tanzania ya mwaka 2003, zinaipa mamlaka nguvu pana juu ya wanyama walio hatarini kueneza maradhi. Hata hivyo ushahidi unalikataa. Katika kisiwa cha Flores nchini Indonesia, ugonjwa ulipoingia mwishoni mwa miaka ya 1990, mbwa wengi mno waliuawa na ugonjwa haukuondoka. Kisiwa cha Bali, nchini humo humo, kilianza kwa njia hiyo hiyo mwaka 2008 na kikaja kupata nafuu kilipogeukia chanjo kisiwani kote. Sababu ni kwamba mbwa wanaouawa huwa ni wale wanaoonekana, wakiwamo waliokwisha chanjwa, na nafasi yao hujazwa haraka na vitoto visivyo na kinga vinavyoletwa kutoka kwingine, wakati mwingine kutoka palepale penye maradhi. Isitoshe, mwenye mbwa anayejua kwamba serikali huja na bunduki hatamleta mnyama wake serikali ijapo na sindano.

Nchi za Amerika ya Kusini na Kati, ambazo mwaka 1983 zilikubaliana kuukabili ugonjwa huu kwa pamoja, zilichagua chanjo ya mbwa iliyolipiwa na dola na kuirudia mwaka baada ya mwaka. Vifo vya binadamu vikapungua kwa zaidi ya asilimia 95, na mwaka 2019 Mexico ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina tena vifo vya kichaa kinachotokana na mbwa. Mexico haikuwa na mbwa wachache wala wamiliki wenye nidhamu kuliko wa Afrika Mashariki. Ilikuwa na bajeti ya kila mwaka.

Shaka iliyowahi kuwa na uzito zaidi kitaalamu ilihusu wanyamapori. Palikuwa na hofu kwamba katika nchi yenye bweha, fisi na nguchiro, ugonjwa ungejihifadhi porini na kurudi kila mara, hivyo kwamba kuchanja mbwa kungekuwa kazi isiyo na mwisho. Uchunguzi wa Serengeti umeonyesha kwamba mbwa wa kufugwa ndio wanaouendeleza ugonjwa, na kwamba wanyamapori huupokea kutoka kwao, huugua kwa muda na kisha ugonjwa hufifia. Kusini mwa Tanzania picha ni tata zaidi, kwani katika mikoa ya Lindi na Mtwara bweha wamekuwa zaidi ya asilimia 40 ya wanyama waliogundulika kuugua. Lakini hata huko mbwa wameendelea kuwa nguzo ya maambukizi, na chanjo yao imepunguza visa. Mtiririko huo kutoka kijijini kwenda porini una historia ya kuhuzunisha. Kabla makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti hayajatoweka Serengeti mwaka 1991, kichaa cha mbwa kilikuwa kimethibitishwa katika baadhi yao, na mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni maradhi ya mbwa yanayoshambulia mapafu, utumbo na ubongo, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, yaani simba 1,000 hivi. Mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, ambao idadi yao ilikuwa ikiongezeka pamoja na idadi ya watu, ndio walioshukiwa kwanza, na ndiyo maana chanjo zilizofuata pembezoni mwa hifadhi zilijumuisha distempa pamoja na kichaa. Taifa linalotegemea mapato ya watalii wanaokuja kumtazama simba lina sababu ya kifedha ya kujali afya ya mbwa wa mfugaji wa Mara au Simiyu, ingawa sababu hiyo haitajwi mara nyingi katika hotuba za utalii.

Hapa inafaa kuweka mpaka wa hoja, ili isionekane kwamba kila sindano ya kila mnyama ni deni la umma. Mkazi wa Masaki, Oyster Bay au Karen anayefuga mbwa wa kununua hupaswa kumkinga pia dhidi ya distempa, homa ya ini ya mbwa, na parvo, maradhi ya kuhara damu yaliyojitokeza duniani mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo huua vitoto kwa siku chache. Chanjo hizo hutolewa kwa awamu kuanzia umri wa wiki sita hadi nane, zikirudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka kitoto kifikishe wiki 16 au zaidi, kwa sababu hakuna ajuaye ni wiki gani hasa kingamwili za mama zitakapokwisha na kuiachia chanjo nafasi ya kufanya kazi. Mwenye mbwa anayeishia sindano ya kwanza kwa kuona mnyama ana afya huwa amelipa bila kununua kinga. Parvo haimwambukizi binadamu, na gharama ya kuizuia ni ya mwenye mbwa, kama ilivyo gharama ya minyoo na kupe.

Paka naye ana maradhi yake, hasa yale yanayoitwa parvo ya paka na mafua makali yanayosababishwa na virusi viwili tofauti, na kwa paka wa Mji Mkongwe wa Zanzibar au wa vichochoro vya Lamu, ambao ni wa mtaa mzima na si wa nyumba moja, ni vigumu hata kusema mwenye gharama ni nani. Kwa upande wa kichaa, paka huugua na anaweza kumwambukiza mtu, na meno yake membamba huacha tundu dogo refu ambalo watu hulidharau. Ila paka hawauendelezi ugonjwa wao kwa wao, kwa hiyo wakipelekwa kituoni wachanjwe, lakini kampeni isihesabiwe kwa idadi yao.

Katika mwambao wa Waswahili kuna jambo jingine linaloipa kazi hii sura yake. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa kulinda, kuwinda na kuchunga anaruhusiwa, lakini hakai ndani wala hashikwashikwi. Ni rahisi mno kwa mgeni kuona katika hilo chuki dhidi ya mnyama, na angekosea, kwa sababu mapokeo hayo hayo yanamhesabia thawabu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu. Athari yake kwa chanjo ni ya kiutendaji: mbwa asiyezoea kushikwa na mwenyewe hawezi kuletwa kituoni kwa kamba, na timu iliyokaa chini ya mwembe ikingoja foleni itarudi na vichupa vyake. Panahitajika watu wenye nyavu, waliofunzwa kukamata, wanaopita nyumba kwa nyumba na kwenye mashamba, na gharama ya watu hao, ambayo ni kubwa kuliko ya chanjo yenyewe, haiwezi kudaiwa kwa mwenye mbwa ambaye hata kumgusa hamgusi.

Ndipo linapokuja suala la ofisi. Tanzania na Kenya zote zina mipango ya Afya Moja, yaani utaratibu wa kuunganisha afya ya binadamu, ya wanyama na ya mazingira, na Kenya ina mkakati wa kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa kwa binadamu uliopangwa kwa kipindi cha 2014 hadi 2030, sambamba na lengo la kimataifa la kufikia vifo sifuri mwaka huo. Lakini mipango haijaondoa ukweli kwamba anayechanja ni afisa mifugo, na afisa mifugo hupimwa kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, wanyama wenye nyama, maziwa, ngozi na ushuru wa mnada. Mbwa hana ushuru. Anayenufaika ni daktari wa hospitali ya wilaya, ambaye hununua dozi chache zaidi za tiba ya kinga, lakini fedha anazookoa hazivuki ukuta kwenda idara ya jirani. Halmashauri ingeweza kulimaliza jambo hili kwa kifungu kimoja cha bajeti ya afya, cha kudumu, kinachohamishiwa idara ya mifugo kila mwaka kwa ajili ya mbwa pekee, na ripoti yake ikasomwa na mganga mkuu wa wilaya pamoja na idadi ya waliong'atwa. Kikwazo cha ubaridi, ambacho kwa muda mrefu kilitumika kama udhuru, kimepungua: vipimo vimeonyesha kwamba aina moja ya chanjo iliyouliwa hubaki na nguvu yake kwa miezi 6 katika nyuzijoto 25 na miezi 3 katika nyuzijoto 30, hivyo dozi zinaweza kuwekwa kijijini bila jokofu la umeme na kutolewa mwaka mzima kwa kila kitoto kinachozaliwa.

Mfano unaoonyesha vyema kinachowezekana, na pia kinachogharimu, uko Pemba. Kisiwa hicho kiliingizwa katika mradi wa mwanzoni mwa miaka ya 2010 uliochanja mbwa katika wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 ukarejea, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi, unaoweza kulinganisha kisa kimoja na kingine kama ndugu wa ukoo, ulionyesha kwamba uliletwa kutoka nje. Kampeni zikaanza upya, na tangu Oktoba 2018 hakikuonekana kisa kingine katika miaka ya ufuatiliaji iliyofuata. Pemba haiwezi kusimamisha chanjo, kwa kuwa mashua zinazovuka mkondo kutoka bara zinaweza kupakia mbwa mmoja aliye katika kipindi cha uatamizi, mzima wa macho na mkia, na hakuna mkaguzi wa bandari awezaye kumtambua kwa kumtazama. Maadamu halmashauri za pwani ya bara zinachanja mwaka huu na kuacha mwaka ujao, gharama ya mwaka ulioachwa hulipwa Wete na Mkoani, na watu ambao hawakuhudhuria kikao cha bajeti kilichoiacha.